Safari ya Kitengela hadi Mombasa, Bila ya Kutoka Sebuleni

Mashine ilikuwa pembeni mwa sebule, na juu yake palikuwa na madera matatu, mtandio na shuka la mtoto. Tulikuwa tumefika Kitengela kumzuru binti wa ndugu yetu, mzaliwa wa Mji wa Kale Mombasa aliyeolewa bara, na baada ya chai tukamuuliza kwa utani alikinunua kwa bei gani kianikio kile cha nguo. Akacheka, kisha akanyamaza. "Ami," akasema, "ile ni tredimili. Daktari aliniambia sukari yangu imeanza kupanda. Niliitumia wiki mbili, nikashindwa."

Nasi hatukucheka tena. Mamake, shemeji yetu, alikatwa kidole cha mguu kwa maradhi hayo hayo, na binti huyu ndiye aliyekuwa akimfunga kidonda. Hakuhitaji mawaidha ya kumtisha. Ya kutisha ameyaona kwa macho yake. Na bado hakuweza kukaa juu ya mkanda ule dakika kumi. "Ukuta ule ule, sauti ile ile. Natazama saa, naona zimepita dakika mbili. Ni kama kifungo, Ami."

Neno lake lina ukweli zaidi ya alivyodhani. Mwaka 1818 mhandisi wa Kiingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa lenye vidato, nalo likatiwa magerezani. Wafungwa walilikanyaga kwa saa nyingi, wakipanda daima pasi na kufika juu. Mahali pengine gurudumu lilisaga nafaka au kuvuta maji. Pengine halikufanya kazi yoyote. Katika magereza kadhaa walitenganishwa kwa mbao ili wasisemezane. Adhabu hiyo iliondolewa Uingereza kwa sheria ya mwaka 1898. Mashine ya leo ni ya mkanda na umeme, na waliyoipa heshima ni matabibu: katika miaka ya 1950 Dkt. Robert Bruce wa Marekani aliitumia kupima mioyo ya wagonjwa, na hadi leo hospitali huitumia kwa kazi hiyo. Lakini kilichomchosha mfungwa hakikuwa miguu peke yake. Alikwenda bila ya mahali pa kufika, na bila ya mtu wa kusema naye. Anayeielekeza mashine ukutani, akapanda kimya kwa kujilazimisha tu, ameinunua adhabu ile kwa pesa zake.

Tukamuuliza, zamani ulitembeaje? Kabla ya kuhamia Kitengela walikaa mjini Kajiado, kiasi cha kilomita 50 kusini kwa barabara ya Namanga. Huko alikuwa na jirani yake wa Kimaasai, na kila asubuhi wawili hao walikwenda sokoni kwa miguu na kurudi, wakizungumza njia nzima. Hakuwahi kuyaita mazoezi. Kitengela mambo ni mengine. Malori ya Namanga hayana huruma, jua likiwaka ni vumbi, mvua ikinyesha ule udongo mweusi hushika viatu kama gundi. Mumewe hutoka kabla ya kupambazuka, na watoto wadogo hawawezi kuachwa. Isitoshe, upande wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi hauna ua wote, na simba kutoka mbugani si hadithi kwa watu wa huko. Basi mashine haikuwa anasa. Kilichokosekana juu yake ni soko na jirani.

Dawa ilitoka kwa mamake mwenyewe, si kwetu. Alipopigiwa simu na kuelezwa, alisema: "Nipigie ukipanda. Nami nitazunguka uani kwangu na fimbo yangu, tutembee pamoja." Wakaanza baada ya Idi ya mfungo mosi, dakika kumi kila siku, watoto wakishakwenda chuoni. Kisha binti akabandika karatasi kwenye mlango wa friji na kuandika miji ya njiani: Athi River, Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Mackinnon Road, Mariakani, Mombasa. Kila siku huandika masafa aliyokwenda, na kila wiki huyajumlisha. Anakwenda kwa mama.

Hesabu yenyewe si ngumu. Shirika la Afya Duniani lahimiza mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule unaokuruhusu kuzungumza lakini haukuruhusu kuimba. Nusu saa kwa siku tano yatosha. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, hizo ni kilomita 12 na nusu kwa wiki. Naye hakuanza hapo, alipanda kutoka dakika kumi polepole, kwani amali ipendwayo, kama tulivyofundishwa na Mtume (s.a.w.), ni ile idumuyo ijapokuwa ndogo. Misuli ifanyapo kazi huivuta sukari iliyomo damuni, na faida hiyo haimngojei mtu apungue uzito kwanza.

Tumeulizwa na akina mama kama yafaa kusikiliza Qur'ani juu ya mashine. Hatuoni kizuizi, maadamu moyo wasikiliza, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alisoma akiwa juu ya ngamia. Lakini ikiwa Qur'ani imekuwa ya kufunika mngurumo tu, heri kuweka darasa au habari. Wako pia wanaoleta tasbihi kwa kila hatua. Mwendo wa haraka kidogo ni kama hatua 100 kwa dakika, basi ulimi hukimbizwa mno. Neno moja kwa hatua nne lina utulivu zaidi.

Na tuseme la hatari, maana tumeona. Dera na buibui havipandi mkanda huu, upindo wake huvutwa chini na mtu akaanguka. Vaa suruali na viatu vilivyofungwa, hasa mwenye sukari, naye aitazame miguu yake kila jioni, na atumiaye dawa za kuishusha amuulize daktari kwanza. Ile kamba ya kuzimia mashine ifungwe nguoni. Watoto wakae mbali. Mkanda uendao huchubua vidole vibaya. Stima ikikatika, zunguka sebule, simu isikatwe.

Sisi wenyewe tulijaribu siku ile, baada ya madera kuondolewa. Miaka ya kukaa kitako darasani ilijibu haraka: dakika saba, tukashuka tukihema, na watoto wakafurahi sana.

Sasa ni mfungo tano. Juma lililopita tulipiga simu tukaambiwa amevuka Emali, yu njiani kwenda Makindu, na vipimo vya mwisho daktari amevipenda. Shemeji naye, ambaye zamani hakuvuka kizingiti bila ya kushikwa, huzunguka ua mara kumi na mbili. Alichukua simu kutoka kwa mjukuu wake kutwambia kwamba chumba cha mgeni ameshakipiga chokaa, ingawa kwa mwendo huu mgeni hafiki kabla ya Ramadhani.