Faili Ipitapo Mkono kwa Mkono

Faili hufika kwa mtu kwa mojawapo ya njia mbili. Ama hupakiwa kwenye seva ya kampuni, kama Google Drive au MediaFire, na kila anayeihitaji akaipakua huko. Ama hutoka kifaa hadi kifaa, rika kwa rika, bila ghala la katikati. Katika masoko kama Myanga, kaunti ya Bungoma, njia hii ya pili haihitaji hata intaneti: simu mbili zenye programu ya Xender huunganishwa kwa Wi-Fi ya mojawapo, na sinema ikahama bila kula bando. Flashi inayowekewa sinema dukani Bungoma mjini au Kitale hufanya kazi hiyohiyo.

Kwenye intaneti njia hii ilivuma kwa Napster, iliyoanza Marekani mwaka 1999. Nyimbo zilikaa kwenye kompyuta za watumiaji, lakini orodha ya nyimbo hizo ilikuwa kwenye seva za kampuni, na kesi za hakimiliki zilipoibana, ikazimwa mwaka 2001. Mwaka huohuo Bram Cohen alitoa BitTorrent, inayoikata faili vipande vidogo. Aliyepata kipande humpa anayekikosa huku akisubiri vingine, ndiyo maana bando huliwa wakati wa kupokea na wa kutoa pia. Kila mmoja katika kundi la wanaogawana faili hiyo huziona anwani za IP za wenzake. Kila kipande kina alama yake ya kihesabu. Kikiharibika njiani alama hailingani, nacho hutupwa.

Alama hiyo huthibitisha kwamba faili imefika kama ilivyotolewa. Haisemi lolote kuhusu nia ya aliyeitoa, na hapa ndipo wengi huumia. Chukua faili iitwayo sinema.mp4.exe. Kompyuta ya Windows isiyobadilishwa mipangilio huficha herufi za mwisho, kwa hiyo jina husomeka sinema.mp4. Ikibofywa haionyeshi picha yoyote. Ni programu, nayo huanza kutekeleza amri za aliyeiunda. Ukubwa wake huweza kuifichua, kwani sinema ya saa mbili haitoshei katika megabaiti mbili. Kwenye flashi, dalili inayojulikana sana katika saiba ni folda kutoweka na kuachwa njia za mkato zenye majina yaleyale: kirusi kimezificha, na kila njia ya mkato ikibofywa kinaamka upya.

Kwa simu za Android hatari kubwa ni faili za APK zinazorushwa nje ya Play Store, zikiwemo WhatsApp zilizochezewa. Programu yenye ruhusa ya kusoma SMS huona hata nambari za siri za muda zinazotumwa na benki, na hasara hiyo si ndogo kwa mtu ambaye simu ndiyo pochi yake.

Seva za kampuni nazo hazina uhakika. Megaupload ilipofungwa na Marekani Januari 2012, waliohifadhi humo kazi zao halali walizikosa pia.

Kugawana faili kwenyewe si kosa. Mfumo endeshi wa kompyuta wa Ubuntu husambazwa rasmi kwa BitTorrent. Kosa ni kusambaza kazi ya mwingine bila idhini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2019, humruhusu mwenye kazi kudai iondolewe mtandaoni, na mwaka 2022 Mahakama Kuu iliziamuru kampuni za intaneti Safaricom na Jamii Telecommunications kuzuia tovuti zilizorusha michezo ya MultiChoice, kampuni ya televisheni ya kulipia, bila kibali.