Goma: Kamba ya kufungia boti haishushi mtu, anayeanza rapeli ajifunze kwanza chini

Bandarini Kituku, kando ya Ziwa Kivu mjini Goma, kamba ni chombo cha kazi cha kila siku. Inafunga boti, inabana magunia ya makala na mizigo ya wachuuzi. Hewa ikiwa safi, mlima Nyiragongo unaonekana upande wa kaskazini, na huko juu kamba ina kazi nyingine: kumshusha mtu ndani ya krateri. Kushuka huko ndiko kunakoitwa rapeli.

Krateri hiyo ina upana wa zaidi ya kilomita moja na kuta zilizosimama wima. Mtaalamu wa volkano Haroun Tazieff alikuwa miongoni mwa wa kwanza kushuka humo. Mwezi wa sita 2010, timu ya wanasayansi na wapiga picha ilifika kando kabisa ya ziwa la lava. Vipimo vinavyochukuliwa humo vinasaidia kuuelewa mlima uliomwaga lava mpaka ziwani mwaka 2002, na ulioua watu wasiopungua 30 baada ya kulipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Goma itahitaji daima vijana wanaojua kazi hiyo. Lakini mwaka 2007 mtalii mmoja alianguka ndani ya krateri hiyo akafa. Anayetaka kujifunza aanzie wapi?

Kamba na mahali pa kuifunga

Kamba ya boti imechomwa na jua na kulowa maji, na hakuna ajuaye itabeba uzito gani. Kamba ya rapeli imetengenezwa na kupimwa kwa ajili ya mwili wa mtu: ndani ina kiini kinachobeba uzito, nje ina ganda linalokilinda. Ganda likichubuka hadi kiini kuonekana, kamba hiyo haishushi mtu tena. Mawe ya volkano yana makali, hivyo pale kamba inaposugua ukingo huwekwa turubai au gunia zito.

Kamba hufungwa sehemu mbili au zaidi, ili moja ikiachia nyingine ishike. Mti mkubwa wenye mizizi hai au mwamba mzima unafaa. Jiwe la lava lililolala tu juu ya mengine halifai, hata likionekana zito.

Fundo lisilogharimu kitu

Moja ya ajali zinazoua hata wazoefu ni kushuka mpaka kamba inaisha bila kujua. Dawa yake ni fundo kubwa kwenye ncha ya chini. Kamba ikiwa mbili, kila ncha na fundo lake.

Kisha wawili wanakaguana kwa kugusa na kwa kutamka: mkanda wa kiuno na mapaja umebana, kamba imepita sawasawa kwenye kifaa cha kushukia, pete ya chuma imefungwa kufuli, kaske iko kichwani. Nywele ndefu, kitambaa na ncha za shati huwekwa mbali na kifaa, maana hunaswa.

Hatua ya kwanza ya kinyumenyume

Mwanafunzi anaegemea nyuma, miguu imepanuka, nyayo zimekanyaga ukuta. Mkono wa chini ndio breki. Hauachii kamba hata mara moja. Kamba ndogo ya akiba inazungushwa kwenye kamba kubwa, ili mkono ukiteleza iume na kumzuia. Mwenzake aliye chini anashika ncha: akiivuta kwa nguvu, anayeshuka anasimama. Kurukaruka kama kwenye filamu ni marufuku, kwa sababu kila mruko unavuta kwa kishindo pale kamba ilipofungwa.

Mazoezi huanza kwenye ardhi tambarare, yafuate mteremko, halafu ukuta wa mita chache, mwalimu mwenye mafunzo akiwa karibu. Video ya simu haitoshi. Na krateri, yenye gesi na mawe yanayodondoka, si mahali pa anayeanza.

Wakaaji wa Kituku wanalijua somo hili kwa uchungu. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari yao, watu wakitazama kutoka ufukweni. Ilikuwa imejaza abiria kupita kiasi, na kosa hilo lilifanyika kabla ya kung'oa nanga. Kwa kamba pia, wakati wa kukataa ni ukiwa bado umesimama juu ya ardhi: fundo moja likikosekana, mtu hashuki.