Utafiti wa nasaba Ujiji na Kigoma

Utafiti wa nasaba Ujiji na Kigoma ni kazi ya kutafuta habari za mababu wa familia zinazoishi kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, nchini Tanzania, kwa kutumia nyaraka za zamani pamoja na masimulizi ya wazee.

Familia nyingi za eneo hilo zina asili ya mbali: ng'ambo ya ziwa katika Kongo, Burundi, Unyamwezi, pwani ya Bahari Hindi au Uarabuni. Baadhi ya mababu walifika kwa hiari yao kama wafanyabiashara, wavuvi au wapagazi. Wengine waliletwa kama watumwa. Kwa sababu hiyo nyaraka zao zimetawanyika katika nchi na lugha mbalimbali, na mara nyingi hazimtaji mtu kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Historia ya wakazi

Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora. Richard Burton na John Speke walifika hapo mwaka 1858, na mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone mjini humo. Sokoni ziliuzwa nguo, shanga, samaki, chumvi ya Uvinza, pembe za ndovu na watu. Kati ya wafanyabiashara waliojulikana walikuwa Mwinyi Kheri, Tippu Tip na Rumaliza.

Watu wengi walivuka ziwa kutoka eneo la Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika. Jina "Mmanyema" liliwajumlisha watu wa makabila mbalimbali, wakiwemo Wabangubangu, Wakusu, Wazimba na wengineo. Jirani yao waliishi Wabwari na Wagoma, pamoja na Wajiji wenyeji na Waha wa nyanda za juu. Kwa hiyo mtafiti akikuta neno "Manyema" katika karatasi ya zamani, hajapata kabila wala kijiji. Amepata upande wa ziwa tu.

Wajerumani walijenga kituo Ujiji mwaka 1896. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na shughuli za serikali na biashara zikahamia huko kwenye bandari. Mwaka 1916 jeshi la Ubelgiji liliteka Kigoma, na mwaka 1921 eneo lilikabidhiwa kwa Waingereza. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Maana yake mtu aliyezaliwa Ujiji mwaka 1890 na kufariki uzeeni aliweza kuishi chini ya Wajerumani, Wabelgiji, Waingereza na serikali huru bila kuhama nyumba yake. Habari zake zinaweza kuwa katika Kijerumani, Kifaransa, Kiingereza, Kilatini, au Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Aina za nyaraka

Hati za uhuru. Serikali ya Kijerumani haikufuta utumwa moja kwa moja. Ilitoa hati kwa watumwa waliojikomboa kwa malipo, walioachwa na mabwana wao au waliopewa uhuru kwa uamuzi wa ofisi. Makumi ya maelfu ya hati hizo zilitolewa katika koloni lote. Amri ya mwaka 1904 ilitangaza kwamba watoto wote watakaozaliwa na watumwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 ni watu huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria chini ya Waingereza mwaka 1922. Familia fulani zimehifadhi hati ya babu au bibi sandukuni. Nyingine zilizichoma ili watoto wasijue.

Vitabu vya misheni. Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Kardinali Charles Lavigerie, walifika Ujiji mwaka 1879. Baadaye walikuwa na vituo Kibanga na Mpala, ng'ambo ya ziwa, na Karema, upande wa kusini mashariki. Walikomboa watoto wengi kwa kuwanunua sokoni, wakawalea katika vituo vyao. Katika kila parokia Katoliki kuna vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Kitabu cha ubatizo huandika jina, tarehe, wazazi kama wanajulikana, msimamizi na padre. Pembeni huongezwa habari za baadaye, hasa ndoa, hivyo mstari mmoja unaweza kueleza maisha ya mtu na parokia aliyohamia. Vilevile kila kituo kilikuwa na shajara iliyoandikwa kwa Kifaransa. Nyaraka kuu za shirika zinatunzwa Roma.

Nyaraka za serikali. Nyaraka za Taifa zilizoko Dar es Salaam zinatunza majalada ya Kijerumani yaliyosalia, barua za utawala wa Kiingereza na vitabu vya wilaya, ambamo maofisa waliandika habari za machifu, koo na mipaka. Majalada ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yako Berlin, na nyaraka za Kongo ya Kibelgiji zimehifadhiwa Brussels. Majalada mengi ya vituo vya bara yalipotea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Usajili wa vizazi na vifo ulianza chini ya sheria ya Waingereza ya mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu Waafrika wengi hawakusajiliwa. Tangu mwaka 2006 kazi hiyo iko chini ya RITA.

Nyaraka za Kiislamu. Wakazi wengi wa Ujiji ni Waislamu. Mashauri ya mirathi, talaka na wakfu yaliyopelekwa kwa kadhi au liwali hutaja warithi mmoja mmoja pamoja na uhusiano wao na marehemu. Pale ambapo kitabu cha ubatizo hakipo, karatasi ya mirathi inaweza kuwa ushahidi bora kuliko wote.

Mfano wa Adriano Atiman

Mfano unaojulikana wa nasaba iliyokatika ni ule wa Adriano Atiman. Alizaliwa mnamo mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, kisha akakombolewa na Mapadre Weupe katika Algeria. Alisomea utabibu kisiwani Malta na mwaka 1889 akafika Karema, alipofanya kazi ya tabibu na katekista hadi kifo chake mwaka 1956. Habari za maisha yake, zilizosimuliwa na yeye mwenyewe, zilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Njia yake inaweza kufuatwa kwa sababu mbili: alikumbuka alikotoka, na kila mahali alipopita palikuwa na watu walioandika. Watoto wengi waliokombolewa pamoja naye au baada yake hawakuwa na bahati hiyo. Walikuwa wadogo mno kukumbuka jina la kijiji, na katika kitabu mahali pa wazazi paliachwa wazi.

Ulinganisho na Italia

Tofauti inaonekana wazi kwa kutazama wazao wa Waitalia waliohamia Marekani. Katika Italia parokia zilitakiwa kuandika ubatizo na ndoa tangu Mtaguso wa Trento katika karne ya 16, na usajili wa kiraia ulianza kwa ufalme mzima mwaka 1866. Mhamiaji aliyepita kisiwa cha Ellis, New York, kilichofunguliwa mwaka 1892, aliandikwa katika orodha ya abiria wa meli pamoja na umri wake na alikotoka. Mjukuu akishajua jina la mji wa asili, anaweza kuomba hati ya kuzaliwa ya babu yake katika manispaa hiyo.

Mitumbwi iliyovuka kutoka Ubwari kwenda Ujiji haikuwa na orodha ya abiria. Hata hivyo kanuni ya utafiti ni ileile: jina la mahali lina thamani kuliko jina la mtu, kwa sababu mtu hubadilisha jina.

Matatizo ya majina

Watumwa walipewa majina mapya na mabwana wao. Majina kama Mabruki, Feruzi, Baraka, Zawadi na Faida hurudiwa mara nyingi katika karatasi za wakati huo. Aliyesilimu alipata jina la Kiislamu, na aliyebatizwa alipata jina la mtakatifu. Wengine walijiita "bin" fulani kwa jina la bwana, si la baba mzazi. Kwa hiyo ukoo unaojitaja kuwa wa mfanyabiashara maarufu unaweza kuwa umetokana na watu wa nyumba yake na si damu yake.

Tahajia pia hupotosha. Mwandishi Mfaransa aliandika sauti ya "u" kwa "ou", na Mjerumani aliandika "sh" kwa "sch". Ni lazima kusoma jina kwa sauti kabla ya kuamua kwamba halimo.

Namna ya kufanya utafiti

Utafiti huanza kwa walio hai. Wazee huulizwa majina yote ya marehemu, mahali alipozikwa, watani wake, lugha aliyoimba au kusali, na miiko ya nyumba. Miaka hukadiriwa kwa matukio yanayokumbukwa, kama kufika kwa reli au vita vya Wabelgiji. Baada ya hapo hutafutwa vitabu vya parokia au karatasi za mirathi, na mwishoni majalada ya Dar es Salaam na ya ng'ambo. Habari moja isiyothibitishwa na nyingine huandikwa kama masimulizi, si kama hakika.

Umuhimu

Katika mkoa wa mpakani kama Kigoma, kujua alikozaliwa babu kunaweza kuhusika na urithi wa ardhi au na maswali ya uraia. Tena kunagusa heshima. Kwa miaka mingi asili ya utumwa ilifichwa, kwa sababu kumwita mtu mtumwa au mjukuu wa mtumwa lilikuwa tusi kubwa. Baadhi ya wazee hukataa kusema hadi leo, na mtafiti hana haki ya kutangaza siri ya nyumba ya mwingine. Lakini ukimya huo ukiendelea, jina la mwisho la kijiji cha ng'ambo hupotea pamoja na mzee wa mwisho anayelikumbuka.