Ushahidi wa Marubani Juu ya Vyombo Visivyojulikana: Sehemu ya Pili

Asubuhi ya tarehe 19 Februari 1951, ndege ya East African Airways aina ya Lodestar ikiwa safarini kutoka Nairobi kwenda Mombasa, afisa wa redio Merrifield alimwonyesha nahodha Bicknell kitu king'aacho kilichotulia juu ya Kilimanjaro, nao pamoja na abiria wao wakakitazama kwa muda wa dakika 17 hivi, hata kikapaa kikatoweka. Nahodha alikadiria kwamba urefu wake ulizidi futi 200.

Uaminifu wa watu hao siutilii shaka hata kidogo. Shaka yangu ni juu ya zile futi 200. Kitu cha futi 200 kilicho umbali wa maili moja, na kingine cha futi 2,000 kilicho umbali wa maili kumi, huonekana machoni sawasawa, na kwa hiyo asiyejua masafa hana njia ya kujua ukubwa wala kasi, awe rubani au awe mchunga ng'ombe. Tena ndege yenyewe ilikuwa ikienda muda wote huo, jambo ambalo peke yake laweza kukifanya kilichosimama kionekane kinahama.

Sisi tukaao Lemara, chini ya Mlima Meru, twajua jinsi upepo unapoukwea mlima huo, mvuke wake ukageuka matone, hutokea wingu laini lenye umbo la dengu, lisilosogea ingawa upepo wapita ndani yake kwa nguvu, na jua la asubuhi likilipiga huwaka weupe. Sidai kwa yakini kwamba wingu kama hilo juu ya Kilimanjaro ndilo aliloliona Bicknell, maana umbo alilolieleza lilikuwa na mistari na mfano wa pezi. Ila mwenye kudai chombo kigeni sharti kwanza aliondoe wingu.

Mwanafalaki J. Allen Hynek, mshauri wa jeshi la anga la Marekani, ambaye hakuwa mtu wa kuyadharau mambo haya, alipozichambua taarifa za jeshi hilo aliona kwamba rubani akiwa shahidi wa pekee hukosea karibu mara 9 katika kila 10. Sababu yake, kwa rai yangu, ni wajibu wa kazi: rubani hukidhania kila kimulikacho mbele yake kuwa ki karibu na chaja kumgonga, akakikwepa kabla ya kukitafakari. Hadhari hiyo huwaokoa abiria, bali haimpi mtafiti kipimo.

Juma lijalo tutaitazama tarehe 3 Machi 1968, mabaki ya roketi iliyokirusha chombo cha Kirusi Zond 4 yalipoungua angani Marekani, na baadhi ya mashahidi wakaapa kuwa wameona jahazi la angani lenye madirisha yenye taa.