Mahame ya Kambi za Marubani

Wanaokwenda Lincolnshire au Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kutazama viwanja vya ndege vya Vita vya Pili vya Dunia huishia kwenye njia ya kurukia. Hupiga picha mnara wa kuongozea ndege, wakaondoka. Ningewasihi watembee kilomita moja au mbili zaidi, wapite mashamba ya ngano, waingie kwenye kijisitu ambacho mkulima hakukigusa. Humo ndimo walimolala watu.

Umbali huo ulikusudiwa. Kabla ya vita, Jeshi la Anga la Uingereza lilijenga mabweni ya matofali jirani kabisa na mabanda ya ndege, kwa hiyo bomu lililokosa ndege liliweza kuwapata waliolala. Agosti 1940 Wajerumani waliandama viwanja vya kusini mwa nchi. Shambulio la tarehe 30 huko Biggin Hill liliua watu 39, wengi wao wakiwa ndani ya handaki la kujikingia. Katika viwanja vipya vya wakati wa vita makazi yalitawanywa: askari wa kawaida upande huu, maofisa upande ule, wanawake wa jeshi kwao, zahanati peke yake, na bwalo la chakula mahali pengine tena. Baiskeli ikawa kifaa cha lazima.

Bweni lenyewe mara nyingi lilikuwa banda la Nissen, lililobuniwa mwaka 1916 na Peter Nissen, mhandisi wa jeshi la Uingereza: mabati ya mawimbi yaliyopindwa nusu duara na kusimamishwa juu ya jamvi la zege. Mabati mengi yameuzwa au yameliwa na kutu. Kilichobaki ni jamvi, na pengine ukuta wa mwisho wa banda, tofali moja tu kwa unene, uliopigwa lipu ya saruji. Hata hivyo jamvi husomeka. Refu, jembamba, lisilo na alama ya bomba: hapo palikuwa bweni, na katikati yake palikaa jiko dogo la makaa ya mawe. Lenye mifereji na matundu ya maji machafu: bafu au vyoo. Ukilinganisha nafasi kati ya bweni na bafu, utajua askari alitembea kiasi gani usiku wa Januari ili anawe.

Hapa ndipo ninapoona kosa la kuhifadhi njia za kurukia na kuacha kambi zibomolewe. Ndege ya mabomu ya Lancaster ilibeba watu saba, na pale ambapo hakuna aliyekuwa ofisa, mara nyingi saba hao walilala banda moja. Ndege yao isiporudi, vitanda saba vilibaki vitupu kwa pamoja. Maofisa maalumu walikusanya barua, nguo na picha za waliopotea, na wageni wakaingia. Katika wanaanga wapatao 125,000 wa kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, 55,573 walikufa. Sijui mahali pengine ambapo hesabu hiyo inaweza kupimwa kwa hatua za miguu, kitanda hadi kitanda.

Mahame haya yana tabaka la pili. Mwaka 1946, nyumba zikiwa adimu, familia za Waingereza zilivamia kambi zilizoachwa; kufikia Oktoba watu karibu 40,000 walikuwa wakiishi humo katika England na Wales. Kambi nyingine zilipokea Wapolandi. Baadhi yao walikuwa wametoka kwetu Afrika Mashariki: walihamishwa kutoka Muungano wa Kisovieti, wakatunzwa Tengeru karibu na Arusha, au Masindi na Koja huko Uganda, kisha mwishoni mwa miaka ya 1940 wakawafuata jamaa zao waliopigana upande wa Uingereza. Waliozoea vibanda vya mviringo chini ya Mlima Meru wakajikuta ndani ya mabati ya Nissen, kwenye baridi kali.

Leo zege husagwa kuwa kifusi cha barabara, na miji inapanuka. Lakini ramani za wakati wa vita zipo, nyingi katika jumba la makumbusho la Jeshi la Anga huko Hendon, London, na kila jengo lina namba na matumizi yake. Halmashauri inayotaka kutoa kibali cha ujenzi inaweza kuanza kwa kulinganisha ramani hizo na kijisitu kabla katapila halijaingia.