Upepo na Jukwaa la Kuinulia Watu

Miongoni mwa mitambo iliyowapunguzia mafundi taabu ya ngazi na majukwaa ya miti, aghalabu husifiwa lile jukwaa linalopandishwa kwa vyuma vilivyopishana mfano wa mkasi, kwani anayesimama juu yake huzungukwa na ukingo pande zote, akafanya kazi kwa mikono miwili pasipo kujishikilia. Na kwa kuwa haoni njia ya kuanguka, hudhani kwamba hatari yote imeondoka. Dhana hiyo ina kasoro kubwa, maana ukingo humzuia mtu asitoke jukwaani, walakini hauna uwezo wa kulizuia jukwaa lenyewe lisipinduke naye.

Maadamu mstari unaoshuka wima kutoka kitovu cha uzito unaangukia kati ya magurudumu, mtambo husimama. Ukitoka nje ya hapo, hupinduka. Kadiri jukwaa linavyopaa, kitovu hicho hupanda pamoja nalo, hata mwinamo ambao chini usingedhuru kitu, huko juu hutosha kuleta mauti. Nguvu ya upepo nayo haiongezeki sawasawa na mwendo wake, bali mwendo ukiwa maradufu, nguvu huwa mara nne, na ukiwa mara tatu, nguvu huwa mara tisa. Hisabati hiyo jicho la fundi, ajapokuwa hodari, haliwezi kuikisia.

Tarehe 27 Oktoba 2010, katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimbo la Indiana, Marekani, mwanafunzi wa miaka 20 alikuwa juu ya jukwaa la namna hii, zaidi ya mita 11 kutoka ardhini, akipiga picha za mazoezi ya kandanda ya Kimarekani. Mtambo ule haukuruhusiwa kutumika katika upepo uzidio kilomita 45 kwa saa, ilhali dharuba ya siku ile ilifika kama kilomita 85, yaani msukumo uliozidi mara tatu ule uliokadiriwa. Jukwaa lilipinduka, na kijana akafariki. La kusikitisha zaidi, alikwisha kuandika mwenyewe siku hiyohiyo kwamba upepo unamtisha.

Mtambo mwingine wa kuinulia watu, ule wa mkono mrefu wenye kikapu, nao una balaa yake: gurudumu likitumbukia shimoni, mtikiso mdogo wa chini hufika juu umekuwa mrusho wa kumtupa mtu nje, ndiyo sababu aliyemo hufunga mkanda na kuushikiza kikapuni kwa kamba fupi. Nyaya za umeme nazo zisisogelewe, kwani umeme huweza kuruka hewani kabla waya haujaguswa.

Lakini narudi kwenye upepo, kwa kuwa ndio unaodharauliwa. Msitundike turubai wala bango ukingoni, maana mtakuwa mmelitweka tanga. Mitambo iliyoundwa kwa kazi za ndani tu isitolewe nje kabisa. Nanyi wasimamizi, wekeni kipima upepo kazini, someni kikomo kilichoandikwa mtamboni, na fundi akisema anaogopa, mshusheni papo hapo, wala msimkate ujira wake.