Saa 48 za mkata mkonge
Sisi tunaosimamia mashamba ya mkonge ya Korogwe na Handeni tumerithi kazi yenye historia nzito. Enzi za manamba, neno la mnyapara lilitosha kumwondoa mtu kambini. Leo kanuni za ajira za mwaka 2007 zinampa mtuhumiwa saa zisizopungua 48 za kujiandaa, pamoja na haki ya kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini. Wapo miongoni mwetu wanaoziona saa hizo kuwa kikwazo. Tuliwahi kuandaa barua ya kumfukuza mkataji aliyetoweka siku tatu. Mwakilishi wa chama akaja na karatasi ya hospitali ya Magunga, alikolazwa mwanawe. Barua tukaichana. Mtoro wa kweli naye hupita njia hiyohiyo, na akiondoka, wenzake hawagomi wala korona haisimami.